Sailensa ya boti ya kasi: maji kwanza, mlio baadaye

Mwaka 1968 Robert McCulloch, tajiri wa Kimarekani aliyejulikana zaidi kwa misumeno ya mnyororo, alilinunua Daraja la London kwa dola 2,460,000. Likabomolewa, mawe yake yakapigwa namba na kuvushwa bahari, na mwaka 1971 likafunguliwa upya katika jangwa la Arizona, kwenye mji wa Lake Havasu City ambao McCulloch mwenyewe aliuanzisha. Watalii huishia kwenye hadithi ya daraja. Kisichosimuliwa sana ni kilichomfikisha pale kabla ya daraja. Kampuni yake ilitengeneza pia mashine za boti, naye alikuwa akitafuta maji mapana ya kuzijaribia. Aliyapata kwenye ziwa lililoundwa na Bwawa la Parker, ambalo ujenzi wake katika mto Colorado ulikamilika mwaka 1938.

Tangu hapo ziwa halijapata utulivu. Mfereji unaopita chini ya daraja ni mwembamba, boti hutakiwa kwenda polepole bila kuvuruga maji, na wikendi za joto husongamana humo saa nzima. Nyingi ni boti ndefu zenye omo lililochongoka. Injini yake, moja au mbili, ni V8 ya lita saba au nane iliyolazwa karibu na tezi, na mabomba ya chuma cha pua yamechomoza nyuma, juu kidogo ya maji. Mlio wake ni wa kukoroma unaokatikakatika, na una sababu. Katika V8 za aina hii silinda nne za upande mmoja haziwaki kwa kupishana muda sawa. Bomba la kila upande hutoa mapigo mawili yaliyokaribiana, kisha pengo, kisha mapigo mengine. Wapo wenye boti wanaoupenda mlio huo kuliko umbo la boti yenyewe, na siku wanapolazimika kununua sailensa huichagua kwa sikio.

Naona hapo ndipo fedha nyingi huzama. Sikio ni la mwisho kuulizwa. Sailensa ya boti ni kifaa cha maji kabla ya kuwa kifaa cha sauti, na mwenye kuifunga bila kufikiria maji anaweza kuua injini yake kabla jirani hajapata nafasi ya kulalamika.

Njia ya moshi ni njia ya maji

Kwenye gari, moshi husafiri ukiwa mkavu kutoka manifoldi hadi mwisho wa bomba, na upepo wa barabarani hulipoza bomba lote. Ndani ya boti hakuna upepo. Kuna chumba kilichofunikwa, na tangi la petroli liko jirani. Kwa hiyo manifoldi ya boti huwa na ukuta wa pili wenye maji ndani yake. Moshi ukishapanda na kuvuka kiwiko, maji yaliyokwisha kuipoza injini humwagwa ndani ya bomba. Gesi iliyotoka na joto la nyuzi mamia kadhaa hushuka ghafla hadi kiwango ambacho hozi ya mpira inaweza kukistahimili. Kuanzia hapo kinachosafiri ni mchanganyiko wa gesi, mvuke na matone.

Hilo lina faida ya bure: gesi inapopoa hunywea, na kelele hupungua kabla haijafika kwenye sailensa. Lakini pia hufunga mlango mmoja. Sailensa nyingi za pikipiki na magari ya mashindano hujazwa sufi ya kioo inayomeza sauti. Kwenye bomba lenye maji, sufi hiyo italowa na kusambaratika. Sailensa ya boti hutegemea vyumba, mabomba yenye matundu na maji yenyewe. Mawimbi ya sauti hugongana humo na kupunguzana nguvu.

Sasa tazama kiasi cha kazi. Injini ya lita 8.2, ile ambayo Wamarekani huiita 502 kwa inchi zake za ujazo, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huvuta karibu lita 20,000 za hewa kila dakika. Nusu yake hutoka upande wa kulia na nusu upande wa kushoto. Hayo ni ya kasi kubwa, na kila muuzaji atakueleza jinsi sailensa yake inavyopitisha wingi huo bila kizuizi. Mara chache utasikia habari za mwendo wa polepole, ilhali hatari ipo huko zaidi.

Injini ya mbio huwa na kemshafti inayoziacha valvu ya kuingiza na ya kutoa zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu kuliko injini ya kawaida. Kasi ikiwa kubwa, jambo hilo huongeza nguvu. Injini inaponguruma taratibu chini ya daraja, kila pigo la moshi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo hufanya kama mnywaji wa dafu anayevuta mrija: huleta juu kile kilicho karibu. Kilicho karibu ni maji. Matone hurudi nyuma ya kiwiko, hupenya valvu iliyo wazi na kuingia silinda. Yakiwa machache huleta kutu kwenye siti za valvu na kuta za silinda, na injini huanza kupoteza kompresheni polepole, bila mwenyewe kujua kwa nini. Yakiwa mengi, na yakituama juu ya pistoni injini ikiwa imezimwa, utakapopiga starta pistoni itakutana na kitu kisichobanika. Konrodi hupinda. Gharama yake inatosha kununua sailensa za boti nzima mara kadhaa.

Kwa hiyo kabla ya kusikiliza sailensa yoyote, fundi anayejua kazi yake atauliza kemshafti ni ya aina gani, maji yanaingia wapi kwenye bomba, na kiwiko kiko juu kiasi gani kuliko mstari wa maji boti ikiwa imetulia na imebeba mafuta na watu. Watengenezaji kwa kawaida hutaka zaidi ya sentimita 30. Boti yenye injini nzito kupita ile iliyotoka nayo kiwandani hukaa chini zaidi upande wa tezi, na sentimita hizo huliwa kimyakimya.

Kwa injini zenye kemshafti kali kuna dawa ya zamani. Bomba la ndani huirefusha njia ya moshi mkavu, na maji hupita pembeni yake mpaka karibu na ubao wa tezi ndipo vichanganyike. Ni dawa nzuri, ila ina bei yake. Maji yakichelewa kuingia, sehemu kubwa ya bomba hubaki na gesi ya moto, hivyo sailensa ya faiba haiwezi kukaa hapo. Anayetaka kemshafti kali, sailensa ya faiba na mlio wa chini kwa pamoja itabidi aache kimojawapo.

Aina zake

Msomaji wa pwani aliyezoea mashine za kupachika tezini ameshaona sailensa ya kwanza bila kuitambua. Moshi hushuka ndani ya mguu wa mashine na kutokea katikati ya rafadha, chini ya maji. Boti nyingi zenye mashine za MerCruiser, injini ikiwa ndani na mguu wa gia nje, hufanya vivyo hivyo. Boti ikienda kasi, maji yanayopita huinyonya gesi nje. Ni njia tulivu, na kwa injini ya familia haina mshindani. Ugumu huanza nguvu inapoongezeka, kwa kuwa njia iliyo ndani ya mguu ni nyembamba na haitanuki kwa ajili ya injini kubwa zaidi. Ndiyo maana boti za mbio huutoa moshi moja kwa moja kupitia ubao wa tezi, na hapo ndipo suala la sailensa linapozaliwa.

Ya bei nafuu ni ile ya kuchomeka kwenye ncha ya bomba, nje ya boti. Haihitaji nafasi ndani, mtu huifunga mwenyewe kwa bolti chache, na akitaka huitoa. Wengi huanza nayo na wengi huishia hapo. Udhaifu wake ni kwamba ina urefu mdogo wa kufanyia kazi, na kifupi kinachotaka kunyamazisha sana hakina budi kubana. Tena huning'inia mahali ambapo wimbi la nyuma hupiga. Nahodha akikata mafuta ghafla kutoka kasi kubwa, mkondo wa boti yake mwenyewe humfikia na kuusukumia maji ubao wa tezi. Bila kifuniko cha mpira ndani ya ncha, kile kinachofunguliwa na moshi na kufungwa na maji, maji hayo hupanda bomba.

Ninayoipendelea ni ile ya kukaa ndani, kati ya kiwiko na ubao wa tezi, ikiwa nafasi ipo. Urefu huipa vyumba vya kutosha kupunguza sauti bila kubana. Lakini nafasi ndiyo tabu. Katika boti yenye injini mbili, umbali kutoka kiwiko hadi ubao wa tezi huweza kuwa mfupi kuliko mkono wa mtu, na njia nzima lazima iteremke kuelekea nje. Mafundi wengi hutaka mteremko wa sentimita nne hivi kwa kila mita. Sailensa iliyolala sawasawa, au mbaya zaidi iliyoinama kuelekea injini, hugeuka bakuli. Pima kwa futi kamba na pimamaji boti ikiwa ndani ya maji. Juu ya trela, omo na tezi havikai kama vinavyokaa majini.

Kuhusu madini sina maneno mengi. Ziwa Havasu ni maji baridi, na chuma cha pua cha daraja la 304 huishi vizuri. Florida, penye chumvi, mtu asikubali chini ya 316L, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa. Alumini ni nyepesi, lakini chumvi huila. Faiba haishiki kutu, ila pampu ya maji ikikatika impela yake ya mpira na bomba likabaki kavu, faiba na hozi huungua ndani ya muda mfupi. King'ora cha joto kwenye hozi ni kitu kidogo, na sioni sababu ya kukikosa.

Kisha kuna aina inayouzwa kwa hamu kuliko zote: ya swichi. Mercury iliita yake Silent Choice. Corsa, kampuni ya Ohio, iliita yake Captain's Call. Nahodha akibonyeza, valvu huupeleka moshi chini kupitia rafadha. Akibonyeza tena, moshi hutoka wazi kupitia ubao wa tezi. Asubuhi gatini huwapita majirani kimya, mchana katikati ya ziwa hupiga kelele anavyotaka. Kiufundi ni suluhisho la akili. Kisheria ni jambo jingine.

Mlio na sheria

Ziwa Havasu liko mpakani. Upande mmoja ni Arizona, upande wa pili California, na boti haioni mstari. California huweka kikomo cha desibeli 88 kwa injini zilizotengenezwa tangu Januari 1993, na 90 kwa za kabla ya hapo, zinapopimwa zikiwa zimesimama na kunguruma taratibu, kipimo kikiwa mita moja hivi kutoka boti. Zaidi ya hapo, sauti inayofika ufukweni isizidi 75. Arizona haijali boti imesimama au inakwenda: isizidi 86 kwa umbali wa futi 50, yaani mita 15 na ushei.

Ukizitazama haraka utadhani Arizona ndiyo kali zaidi. Fanya hesabu. Mahali pa wazi, sauti hushuka kama desibeli sita kila umbali unapozidishwa mara mbili. Desibeli 88 kwa mita moja hubaki takribani 64 kwa mita 16. Boti inayopita kipimo cha California kwa shida haitasikika sana kwa afisa wa Arizona ikiwa bado inanguruma taratibu. Ikifunguliwa mafuta yote, habari hugeuka. Kipimo cha boti iliyosimama hakijui lolote kuhusu mizunguko 5,000, na zipo sailensa zinazonyamaza vizuri kwenye mwendo mdogo kisha zikaachia mlio wote kwenye kasi. Anayenunua kwa ajili ya ziwa hili aulize vipimo vyote viwili, na asikubali namba isiyotaja umbali. Desibeli bila umbali haina maana yoyote.

Florida, makao ya jadi ya boti hizi tangu siku za Don Aronow, aliyezianzisha kampuni za Formula, Donzi, Magnum na Cigarette, sheria yake hutaka moshi wa kila injini uzimwe sauti kwa kifaa kinachofaa, na hupiga marufuku valvu za kukwepa sailensa isipokuwa kwa boti zilizo kwenye mashindano rasmi au majaribio yake. Soma hilo tena kabla ya kununua swichi. Ulaya hawakungoja malalamiko ya kila ziwa. Kanuni zao huweka kikomo kiwandani: desibeli 75 kwa injini moja ya zaidi ya kilowati 40, boti ikipita umbali wa mita 25, na tatu za ziada kwa boti ya injini mbili. Hizo tatu si ukarimu. Vyanzo viwili vya sauti vinavyolingana vikiunganishwa hutoa ongezeko la desibeli tatu hasa.

Majirani nao wana hoja yao. Jioni, hewa iliyogusa maji hupoa kuliko iliyo juu yake, na mawimbi ya sauti hupindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani. Maji laini nayo huyarudisha juu. Boti iliyokuwa haisikiki adhuhuri huingia chumbani mwa mtu saa moja usiku ikiwa umbali uleule. Mwenye boti ataapa kwamba hajabadilisha kitu, na atakuwa anasema kweli.

Nguvu zinazopotea

Hofu kubwa ya wanunuzi ni kupoteza nguvu, na naona imekuzwa kupita kiasi. Tuseme sailensa imekula asilimia mbili ya nguvu, kiasi ambacho iliyochaguliwa vizuri inaweza kukikaribia. Boti inayokimbia kilomita 113 kwa saa itapoteza kama kilomita moja tu, kwa sababu kasi haipandi sambamba na nguvu. Abiria mmoja wa ziada au rafadha yenye jino lililopinda hufanya hivyo bila mtu kugundua. Sailensa mbaya ni habari nyingine, na dalili yake haisikiki. Huonekana kwenye geji.

Kipimo chenyewe si cha kitaalamu sana. Fundi hutoboa tundu dogo kwenye kiwiko kabla ya maji kuingia, huchonga nyuzi, hufunga geji ya presha, kisha boti hupelekwa mafuta yote. Hufanyika mara mbili, kabla na baada ya sailensa, ziwa likiwa shwari na tangi likiwa na kiasi kilekile. Presha ikipanda kupita kile mtengenezaji wa injini anachoruhusu, sailensa inabana, hata kama muuzaji ana picha za boti iliyoshinda mbio. Andika pia mizunguko na kasi ya jipiesi.

Kuna injini ambazo hazitaki mkono wa mtu kabisa. Tangu modeli za 2010, serikali ya Marekani imeweka viwango vya hewa chafu ambavyo injini nyingi za petroli za ndani ya boti, hadi kilowati 373, huvifikia kwa kutumia katalisti ndani ya ekzosi, pamoja na sensa za oksijeni. Kubadilisha manifoldi hapo ni kugusa kompyuta ya injini na sheria kwa pamoja. Sailensa baada ya katalisti inawezekana. Chochote kabla yake kiache.

Na kuna gesi isiyosikika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa afya kazini wa serikali ya Marekani walipima hewa kwenye mfereji wa Havasu, pale boti zinaposongamana, wakakuta kaboni monoksaidi kwa viwango vya hatari. Sailensa haipunguzi gesi hiyo hata chembe. Inachoweza kubadilisha ni mahali inapotokea, na ncha mpya zilizoelekezwa juu ya jukwaa la kuogelea huipeleka usoni mwa watoto. Ncha ziteremke kuelekea maji. Injini izimwe kabla mtu hajashuka nyuma, na boti isiachwe ikinguruma mfululizo kwenye foleni ya daraja kwa sababu tu mlio wake mpya unapendeza.

Baada ya kufunga, safari ya kwanza iwe ya polepole kwa makusudi: nusu saa ya kunguruma, kisha kukata mafuta ghafla mara kadhaa kutoka mwendo wa kati, halafu kuzima. Injini ikishapoa, toa plagi zote nane na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Ncha yenye doa la kutu, au chembe nyeupe ikiwa uko baharini, inakuonyesha silinda iliyokunywa maji. Mara nyingi ni za nyuma, zilizo karibu zaidi na ubao wa tezi. Ukiikuta dalili hiyo, ongeza urefu wa kiwiko au rudisha sailensa dukani, na injini isipigwe starta tena mpaka umejua maji yamepita wapi.